Fomu ya Tuzo Niliyoirudisha Tupu

Mwezi uliopita nililetewa fomu. Chama kimoja cha kitaaluma, ambacho sitakitaja kwa kuwa sina ugomvi na watu wake, kilinitaka nipendekeze jina la Mtanzania anayestahili kutuzwa kwa mafanikio makubwa katika ukaguzi na usalama wa mifumo ya taarifa. Fomu ilikuwa na kurasa nne. Iliuliza vyeti vya mpendekezwa, miaka yake ya uzoefu, nyadhifa alizoshika katika chama, mada alizowasilisha makongamanoni na makala alizochapisha. Mwisho iliacha mistari mitatu kwa ajili ya "mengineyo". Niliisoma mara mbili nikitafuta swali moja tu: mtu huyu aligundua nini, na baada ya kugundua alipatwa na nini? Swali hilo halikuwamo.

Nimeirudisha tupu. Wapo walionishangaa, wakiwamo wanafunzi wangu wawili wanaojiandaa kwa mtihani wa CISA, kile cheti cha kimataifa cha wakaguzi wa mifumo, ambao walidhani mwalimu wao anaidharau fani anayowafundisha. Siidharau. Naiheshimu kiasi cha kutotaka kuiona ikigeuzwa kuwa shughuli ya suti na sahani za kuku. Ndiyo maana naandika.

Fani hii haikuzaliwa katika ukumbi wa hoteli. Mwaka 1969, huko Los Angeles, kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakikagua kazi za kompyuta kiliunda chama, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine popote pa kuulizana namna ya kukagua hesabu ambazo haziko tena kwenye daftari. Chama hicho ndicho leo tunakiita ISACA. Mwaka huohuo, Joseph J. Wasserman wa maabara za kampuni ya simu ya Bell alichapisha katika jarida la Harvard Business Review makala kuhusu kuziba mianya ya usalama wa kompyuta. Alikuwa akiwaambia wakuu wa makampuni jambo wasilopenda kulisikia: kwamba mmezikabidhi mashine mali yenu, lakini hamkuzikabidhi mlinzi. Baadaye tawi la ISACA la jiji la New York lilianzisha tuzo yenye jina lake, ya kuwaenzi waliofanya makubwa katika ukaguzi, udhibiti na usalama wa mifumo. Tuzo ya namna hiyo, yenye jina la mtu aliyetoa onyo, inaeleweka. Tatizo langu linaanza pale tunapoichukua hafla tukaliacha onyo.

Miaka minne baada ya makala ya Wasserman, katika jiji lilelile la Los Angeles, ililipuka kashfa ya kampuni ya Equity Funding. Kampuni hiyo iliuza bima za maisha, na ilipoona bima halisi hazitoshi kuipandisha bei ya hisa zake, ikaanza kutengeneza wateja. Karibu theluthi mbili ya bima zilizoonekana katika kompyuta zake zilikuwa za watu wasiokuwapo duniani. Kompyuta iliwahesabu, iliwazeesha na hata iliwafisha pale fedha zilipohitajika. Wakaguzi wa nje walikuwa wakizipitisha hesabu hizo. Aliyeyafichua hayo hakuwa mkaguzi mwenye cheti. Alikuwa mfanyakazi wa zamani wa kampuni, Ronald Secrist, aliyempigia simu mchambuzi wa hisa aitwaye Raymond Dirks, naye Dirks akaifuatilia habari hadi kampuni ikaanguka mwaka 1973.

Je, Dirks alipewa ngao? Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani ilimwandikia karipio, kwa hoja kwamba alipokuwa akichunguza aliwaeleza wateja wake, nao wakauza hisa kabla umma haujajua. Ilibidi apande ngazi za mahakama hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyomsafisha mwaka 1983. Miaka kumi! Kila mwalimu wa fani hii huifundisha Equity Funding kama kisa cha kompyuta iliyodanganya. Ni wachache wanaokifundisha kama kisa cha mtu aliyesema kweli akalipishwa.

Mtu wa kwetu ataniuliza: mambo ya Los Angeles yanatuhusu nini sisi wa pwani ya Ziwa Nyasa? Nitamjibu kwa kumpeleka kwenye mizani ya kakao.

Nimekulia upande wa Ipinda, wilayani Kyela, mahali ambapo mtoto huijua harufu ya kakao inayochachushwa kabla hajaijua harufu ya chaki. Zamani mnunuzi alikuja nyumbani na mizani yake ya kuning'iniza, akapima, akalipa alichotaka, akaondoka. Siku hizi kakao hupelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ikapimwa, ikaingia ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, kisha ikauzwa kwa mnada. Ni hatua kubwa, na mimi si miongoni mwa wanaotaka kurudi kwenye mizani ya kuning'iniza. Lakini utazame mnyororo huo kwa macho ya mkaguzi. Namba huzaliwa kwenye mizani. Kutoka hapo karani huiandika. Kutoka kwa karani inaingia kwenye kumbukumbu za ghala, kutoka ghalani inaingia kwenye mnada, mnada unazaa bei, bei inakutana na makato, na kilichobaki kinaingia benki au kwenye simu ya mkulima. Kila kiungo kina mtu, na kila mtu ana kalamu au nywila. Mkulima anaona viungo viwili tu, cha kwanza na cha mwisho. Hayo ya katikati ndiyo tunayaita mfumo wa taarifa, na ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba baba yangu mdogo, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ni mtumiaji wa mifumo ya taarifa kuliko wao.

Msidhani nazungumzia senti. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, yaani zaidi ya dola 10 kwa kilo moja. Mizani iliyopotoka nusu kilo kwa kila gunia, katika msimu wa namna hiyo, si mizani mbovu. Ni mgodi.

Juu ya kakao hiyo, kama ilivyo juu ya mchele wa Kyela unaosifiwa nchi nzima, halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Tangu mwaka 2017 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5, kikawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachotazamiwa kujenga choo cha shule na kununua kitanda cha kujifungulia, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo hukopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kila shilingi milioni moja ya ushuru inayopotea njiani huondoka na shilingi laki moja ya vikundi hivyo, ambavyo vitatangaziwa kwamba bajeti haikutosha.

Ushuru huo leo hukusanywa kwa mashine ndogo ya mkononi, ile tunayoiita POS. Mashine hii inasifiwa kwenye hotuba kana kwamba ni malaika. Ni kifaa kizuri, lakini haina macho. Ikiwa nje ya mtandao, hutunza miamala yake yenyewe na kuituma baadaye itakapounganishwa. Hapo ndipo pana kichochoro. Anayetaka kuiba hahitaji kuwa mdukuzi wa Urusi wala wa China, ambao ndio hutawala mada za makongamano yetu ya usalama wa mtandao. Anahitaji kuizima mashine siku za mavuno, kukusanya kwa mkono, kisha kuiwasha magunia yakishapita. Au anahitaji nywila ya mwenzake, ambayo katika ofisi nyingi nilizoingia imeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ukutani, jirani na kalenda. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa zimekuwa zikiandika, mwaka baada ya mwaka, juu ya mapato yaliyokusanywa kwa mashine hizo na yasifike benki. Zinaandika, tunasoma magazetini mwezi Aprili, na Mei tunaendelea na Ligi Kuu.

Sasa niseme kilichonifanya niirudishe ile fomu.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, mwana wa Kyela kama mimi, aliajiriwa kuwa mkaguzi wa ndani katika halmashauri moja. Halmashauri hiyo si ya Kyela, haiko hata kando ya ziwa, na zaidi ya hapo sitasema. Alikuja nyumbani likizo ya Krismasi, tukakutana Matema siku ya soko, pale ambapo Wakisi hushusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi. Alinisalimu kama anavyonisalimu daima, "Shikamoo Mwalimu", lakini uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Tulikaa mchangani, milima ya Livingstone mbele yetu, akanisimulia.

Alikuwa ameomba kwa ofisa TEHAMA orodha ya muda ambao kila mashine ya POS iliwasiliana na kanzidata kwa mara ya mwisho. Jambo dogo, la somo la mwaka wa pili. Akaona mashine za vizuizi viwili zilinyamaza kwa wiki tatu, na wiki hizo zilikuwa kilele cha mavuno. Akaenda ghalani, akaomba daftari la mizigo iliyopokelewa siku zilezile. Magunia yalikuwa yamepita. Stakabadhi za ushuru hazikuwapo. Akaandika hoja. Akajibiwa kwamba mtandao wa simu katika eneo hilo ni hafifu. Jumamosi, kwa nauli yake mwenyewe, alipanda bodaboda hadi kizuizini, akasimama pale na simu yake asubuhi mpaka saa nane mchana, akiandika kila nusu saa hali ya mtandao. Mtandao ulikuwa umejaa kutwa nzima. Akaandika hoja ya pili.

Baada ya hapo aliambiwa kwamba hana ushirikiano. Kisha kwamba anatumika kisiasa. Barua ya uhamisho ilifika siku chache kabla ya kikao cha kamati ya fedha, nayo ilikuwa na maneno ambayo kila mtumishi wa umma anayasoma kwa kuyaruka: "kwa manufaa ya umma". Katika kituo chake kipya hakuna kizuizi wala mashine ya kukagua. Mwaka huohuo halmashauri aliyoiacha ilipata hati safi, na palichinjwa ng'ombe.

Naomba nisimame kidogo kwenye ng'ombe huyo, kwa kuwa amechinjwa katika halmashauri nyingi. Hati safi haimaanishi kwamba hakuna mwizi. Maana yake ni kwamba hesabu zilizoandaliwa zinaonyesha hali ya fedha kwa kiwango cha kuridhisha, kwa mujibu wa viwango vya uandishi wa hesabu. Fedha ambayo haikuwahi kuingia kitabuni haiwezi kukichafua kitabu kirahisi. Na viongozi wanalijua hilo. Lakini diwani anayepokea hati safi kwa vigelegele hataki tena kusikia habari za mashine iliyolala wiki tatu, na mkurugenzi ana karatasi ya kumwonyesha mkuu wa mkoa. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu nayo hutoa kila mwaka tuzo za taarifa za hesabu zilizoandaliwa vizuri zaidi. Si vibaya, hesabu zilizoandaliwa ovyo zinaficha mengi. Ila angalieni mwelekeo: nchi yetu imejifunza kuutuza uandishi mzuri wa hesabu kabla haijajifunza kumtuza anayegundua kilichoachwa nje ya hesabu.

Matema nilimwonyesha mwanafunzi wangu mama mmoja aliyekuwa akinunua chungu. Hakukitazama rangi. Alikining'iniza kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kusikiliza. Chungu chenye ufa hata usioonekana hutoa sauti ya mbao. Alivirudisha viwili, akachukua cha tatu, na muuzaji hakumwita mtovu wa ushirikiano.

Mnaodhani nakuza kisa cha kijana mmoja, mkumbuke mwaka 2016. Rais John Magufuli aliagiza wasakwe watumishi hewa, na katika wiki chache idadi ikavuka 10,000. Hao hawakuwa wakilipwa kutoka kwenye kibweta cha mtu. Walikuwa ndani ya mfumo wa kompyuta wa mishahara, wenye ngazi za uidhinishaji na nywila, ukiwalipa kila mwezi kwa utii. Tulikuwa na Equity Funding yetu, tena ya serikali nzima. Mwaka uliofuata watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Jiulizeni: kabla ya agizo la Rais, hapakuwa na mkaguzi hata mmoja aliyeliona? Walikuwapo. Ripoti za wakati wa CAG Ludovick Utouh zilishaandika juu ya mishahara iliyolipwa kwa waliokufa, waliostaafu na waliotoroka kazini. Maandishi yalikuwapo. Hawakuwapo waliotaka kuyasoma, mpaka ilipofaa kisiasa kuyasoma, na siku hiyo ilipofika sifa zote zilikwenda kwa aliyetoa agizo. Sikumbuki hata mhasibu mmoja wa wilaya aliyeitwa jukwaani akaambiwa: wewe ulisema mapema.

Na kama mkaguzi wa wilaya anahamishwa kimyakimya, wa juu kabisa je? Ofisi ya CAG ipo kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, ambayo inasema katika kutekeleza majukumu yake hatalazimika kufuata amri wala maagizo ya mtu au idara nyingine ya serikali. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, akiwa katika wadhifa huo, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa huko New York, jiji lilelile ambalo tawi lake la ISACA hutoa Tuzo ya Wasserman. Aliulizwa kuhusu hoja za ukaguzi zisizofanyiwa kazi, naye akasema huo kwa mtazamo wake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huohuo miaka yake mitano ilipofika, akawekwa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba, lakini mtu alikuwa amekwisha kuondoka miaka mitatu nyuma na kiti kina mwenyewe.

Sisemi Profesa Assad hakuwa na kasoro. Walioniona nikibishana naye kuhusu mambo mengine wanajua. Nasema kila mkaguzi wa ndani nchini, kutoka Kyela hadi Kyerwa, alikuwa akitazama. Alichojifunza katika miezi ile kumi na moja hakiwezi kufutwa na ngao ya kioo.

Nimeshajibiwa na mwenzangu mmoja wa idara ya uhasibu, mtu ninayemheshimu. Anasema tuzo haimdhuru mtu. Inawavuta vijana kwenye fani, na fani bila heshima hufa. Nakubali nusu. Lakini tuzo ni hukumu. Inamwambia kijana wa miaka 24 ni mkaguzi wa aina gani tunamtaka. Tukimtuza mwenye vyeti vitano ambaye katika miaka 20 hakuwahi kumkera bosi hata mmoja, tumemfundisha jambo, na amelielewa vizuri kuliko mhadhara wangu wowote. Anaongeza kwamba kazi ya usalama ni ya siri, hivyo huwezi kutangaza matokeo yake. Hiyo hoja ina uzito kwa mfumo wa ulinzi wa benki. Haina uzito wowote kwa ushuru wa gunia la mpunga lililopita kizuizini Jumanne mchana mbele ya watu arobaini.

Wengine wanasema sheria ipo. Ni kweli. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi, na ndani yake mna nafasi ya zawadi na fidia kwa mtoa taarifa. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa sheria hatujambo. Lakini mkaguzi wa ndani wa halmashauri bado taarifa yake anaipeleka kwa mkurugenzi, ambaye ndiye ofisa masuhuli, yaani mwenye dhamana ya fedha zilezile zinazokaguliwa. Ndiye anayemsainia likizo, ndiye mwenye ufunguo wa gari atakalohitaji kwenda kizuizini. Kisha tunashangaa kwa nini alipanda bodaboda. Watu wa Kyela tunaweza kujivuna kwamba mbunge wetu wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, ndiye aliyeongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza Richmond, ambayo taarifa yake ya Februari 2008 ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu. Lakini kamati ile ilikuwa na kinga ya Bunge na macho ya taifa zima. Mkaguzi wa halmashauri ana meza yenye mguu mmoja mfupi na kompyuta inayogawiwa watu watatu.

Kama chama kile kinataka jina kutoka kwangu mwaka ujao, kibadilishe fomu. Ukurasa wa kwanza uulize hoja iliyoandikwa, fedha iliyorudi au mwanya ulioziba. Ukurasa wa pili uulize mwandishi wa hoja yuko kituo gani leo na alifikaje huko. Vyeti vikae mwisho, kwenye ile mistari mitatu. Majaji wasiwe wakaguzi peke yao. Wawepo na wenye mali, mwenyekiti wa AMCOS mmoja, mwalimu mkuu mmoja wa shule isiyo na choo. Na fedha ya tuzo itengwe kumlipia wakili mshindi atakapoandikiwa barua ya uhamisho. Nimeambiwa mapendekezo haya hayatekelezeki kwa kuwa wadhamini watakimbia. Huenda. Baadhi ya wadhamini wa hafla hizi ni taasisi zinazokaguliwa.

Kabla ya kuirudisha fomu nilimpigia simu mwanafunzi wangu. Nilitaka kuandika jina lake pale juu, hata kama ningechekwa. Alinyamaza kitambo, nikasikia watoto nyuma yake wakigombania kitu. Kisha akasema, "Mwalimu, nakushukuru, lakini usiliandike. Watauliza nani alikupa habari za ofisini. Nina miaka mingi mbele ya kustaafu." Akanishukuru tena, kwa lugha ya nyumbani safari hii, ndaga fijo, akakata simu.

Nikaikunja fomu, nafasi ya jina ikiwa tupu, nikaitia kwenye bahasha na kuipeleka stendi ya Kyela mjini iondoke na basi la Dar es Salaam. Hafla, nasikia, ni mwezi ujao. Meza inauzwa kwa watu kumi kumi.